Yi Kwang-su: Mwandishi Aliyependwa na Kulaaniwa

Nilipokisoma kitabu cha Yi Kwang-su kwa mara ya kwanza, katika tafsiri ya Kiingereza, sikujua kwamba jina lake bado huwagombanisha Wakorea. Nilitaka hadithi nzuri tu. Hadithi niliipata, lakini maisha ya mwandishi mwenyewe yakanishangaza zaidi.

Yi alizaliwa mwaka wa 1892 huko Jeongju, kaskazini mwa Korea. Mwaka wa 1902, alipokuwa na umri wa miaka kumi tu, kipindupindu kiliwaua baba na mama yake. Yatima huyo alipata wafadhili, na mwaka wa 1905 akaenda kusoma Japani. Mwaka wa 1910 alirudi nyumbani kuwa mwalimu, na mwaka huo huo Japani ikaitwaa nchi yake kabisa.

Riwaya yake *Mujeong*, maana yake “bila huruma”, ilitolewa gazetini kidogo kidogo mwaka wa 1917. Wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kikorea ya kisasa. Inamhusu mwalimu mmoja kijana, yatima kama Yi mwenyewe, anayevutwa huku na huku na wasichana wawili. Mmoja ni binti wa tajiri anayemfundisha Kiingereza. Wa pili ni Yeong-chae, binti wa mwalimu wake wa zamani, ambaye alijiuza kuwa mtumbuizaji wa wanaume ili kumwokoa baba yake kifungoni. Baada ya kunajisiwa, Yeong-chae anaondoka kwenda kujiua. Ndani ya garimoshi anakutana na mwanafunzi wa kike anayemfunza kwamba maisha yake ni mali yake mwenyewe. Mimi niliusoma ukurasa huo mara mbili.

Mwaka wa 1919 Yi aliandika tangazo la kudai uhuru, ambalo wanafunzi wa Kikorea walilisoma mjini Tokyo tarehe 8 Februari. Yeye alikimbilia Shanghai, akaliongoza gazeti la wapigania uhuru. Vijana walimwona shujaa.

Lakini ndugu msomaji, ngoja kwanza. Mwaka wa 1921 alirudi Korea, akaendelea kuandika. Mwaka wa 1937 Wajapani walimkamata yeye na wenzake, na alipotoka alikuwa amegeuka. Mwaka wa 1940 alichukua jina la Kijapani, Kayama Mitsuro, kisha akawahimiza wanafunzi wa Kikorea wajiunge na jeshi la Japani. Kalamu ile ile iliyodai uhuru sasa iliwaita vijana vitani kumpigania mtawala.

Japani iliposhindwa mwaka wa 1945, wananchi hawakusahau. Mwaka wa 1949 alikamatwa kwa kosa la kushirikiana na wakoloni, kisha akaachiliwa. Alijitetea kwamba alifanya hayo kwa ajili ya taifa. Vita vya Korea vilipozuka mwaka wa 1950, alichukuliwa kwenda kaskazini, akafariki mwaka huo huo akiwa mgonjwa.

Je, tukitupe kitabu chake kwa sababu ya usaliti wake? Nimeona vigumu kufanya hivyo. Yeong-chae hakuwa na hatia yoyote. Hata hivyo siwezi kuwasahau wale vijana walioitwa vitani. Kisomeni *Mujeong*, lakini kisomeni mkijua jinsi mwandishi wake alivyoishia.