Archibald Hill, profesa aliyekimbia na mfuko mgongoni

Kila siku ya Mungu asubui, mbele ya misa, vijana wa mtaa wetu wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira. Wakifika mzunguko wa sita ao wa saba, miguu inaanza kuwa mizito. Hapo kocha anawaambia kama ule moto wanausikia mu mapaja ni asidi laktiki tu, waendelee, itapita. Mu kiangazi iliyopita kijana mmoja aliendelea, na akaanguka. Aliamka kisha dakika chache, akakunywa maji, akacheka na wenzake. Lakini siku ile watu wa mtaa walibishana mpaka usiku: ni asidi, ni njaa, ni moyo, ao ni uchawi?

Sikuwa na jibu. Nilianza kutafuta hii habari ya asidi ilitoka wapi, na kila njia niliyofuata ilinipeleka kwa mtu mmoja: Archibald Vivian Hill, Mwingereza. Wengi kwetu hawajui jina lake, lakini maneno yake wanayatumia kila wiki. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuja kuona kuwa sehemu kubwa ya yale aliyofundisha juu ya ile asidi haikuwa sawa, na akaandika hivyo bila kuficha.

Hill alizaliwa Bristol tarehe 26 mwezi wa 9, 1886. Baba yake alikuwa wa biashara ya mbao. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, baba akaacha nyumba, na mama ndiye alilea watoto wawili, Archibald na dada yake. Kijana alisoma kwa kupewa bursi, akafika Trinity College, Cambridge, kusoma hesabu. Mwaka wa 1907 alitoka wa tatu mu mtihani wa hesabu wa Cambridge, na kwa Waingereza wa wakati ule hiyo ilikuwa heshima kubwa sana. Mtu mwingine angebaki pale pale. Lakini mwalimu wake Walter Fletcher alimshauri aingie mu fiziolojia, ni kusema elimu ya namna mwili unavyofanya kazi. Huyo Fletcher, pamoja na mwenzake Hopkins, walikuwa wametoa mwaka ule ule wa 1907 kazi yao juu ya misuli ya chura: wakiichokesha, asidi laktiki inajaa ndani, wakiiweka penye oksijeni, asidi inapungua. Mbegu ya ile habari ya kocha wetu njo hiyo.

Juu ya nini chura? Sababu msuli wa chura, hata ukitolewa mu mguu, unaishi masaa mengi ukiwekwa ndani ya maji ya chumvi. Ukiupiga na umeme kidogo, unajikunja kama vile chura angali hai. Hill alitaka kujua kitu kimoja: msuli ukivuta, unatoa joto gani, na linatoka saa gani? Joto lenyewe ni dogo kabisa, sehemu za elfu za digri moja. Ilibidi atengeneze vyombo vya kupima vya waya nyembamba za metali mbili tofauti, ambazo upande mmoja ukipata joto zinatoa umeme kidogo sana. Hapa mtu wa hesabu alifaa kuliko munganga.

Alichokiona ni hiki. Joto linakuja mara mbili. La kwanza linatoka palepale msuli unapovuta, na hilo halihitaji oksijeni. La pili linakuja polepole, dakika kadhaa kisha kazi kuisha, na hilo bila oksijeni halionekani. Kwa hiyo msuli unafanya kazi kwanza na kulipa nyuma, sawa na mtu anayebeba unga wa boutique na kuandikwa mu daftari. Hill mwenyewe alipenda sana kusema kwa lugha ya deni na malipo. Mwaka wa 1913 alioa Margaret Keynes, dada ya John Maynard Keynes, yule mwanauchumi mkubwa. Labda mu ile famili habari ya deni ilikuwa inaongelewa hata kwenye meza ya chakula, lakini hiyo ni mawazo yangu.

Vita ya 1914 ilimtoa mu labo. Jeshi lilimpa kazi ya kuongoza kikundi cha watu wa hesabu waliotafuta namna ya kupiga ndege kutoka chini. Vita ilipoisha akawa profesa Manchester mwaka wa 1920, na mwaka wa 1923 akahamia London, University College. Zawadi ya Nobel ya mwaka 1922 ilimfikia akiwa na miaka 37, kwa ajili ya lile joto la misuli. Aligawana na Mjerumani, Otto Meyerhof, aliyefuata njia ya asidi laktiki na oksijeni. Musisahau: vita kati ya nchi zao mbili ilikuwa imeisha mwaka wa 1918 tu.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nimpende. Hill alikuwa mkimbiaji tangu ujana. Alipochoka kuuliza chura, akajiuliza mwenyewe. Kule Manchester, akiwa na miaka kama 35, alikimbia kwenye njia ya majani ya duara, karibu mita 85 kwa mzunguko, akibeba mfuko mkubwa mgongoni. Mu mdomo aliweka mpira wenye vifuniko viwili: kimoja kinaingiza hewa safi, kingine kinapeleka hewa anayotoa mu mfuko. Pua imefungwa. Anakimbia kwa mwendo uleule, dakika zinahesabiwa, alafu anafungua robine ya mfuko kwa muda unaojulikana na kuifunga tena. Kisha hapo yeye na wenzake, kama Hartley Lupton, wanapima ile hewa kuona ni oksijeni ngapi mwili umekula.

Mtu akikaa kimya, mwili unatumia kama robo lita ya oksijeni kwa dakika. Hill akikimbia, hesabu ilipanda mpaka karibu lita 4. Akaongeza mwendo. Oksijeni haikupanda tena. Akaongeza zaidi, ikabaki palepale. Kumbe mwili wa kila mtu uko na kipimo chake cha mwisho, hata mtu akivuta pumzi namna gani. Yeye na Lupton waliandika haya mwaka wa 1923. Leo mkimbiaji akipelekwa mu labo ya michezo, akawekewa maski na kukimbizwa juu ya mashini ya mkanda mpaka ashindwe, ni kile kipimo cha Hill wanachotafuta. Waganga wanakitumia hata kwa wagonjwa wa moyo na wale wanaongojea operasyo.

Na yule anayekimbia kupita kipimo chake? Hill alisema anakopa. Njo sababu mtu akishamaliza mbio za mita 400 anaendelea kuhema dakika nyingi hata akiwa amekaa. Alifikiri ile hema ni kulipa deni, na deni lenyewe ni asidi laktiki iliyojaa mu misuli, ambayo oksijeni inakuja kusafisha. Hesabu ilikuwa nzuri, kila mtu aliielewa, na makocha wa dunia nzima wakaichukua.

Mu miaka hiyo alikuwa kama mtoto aliyepewa mchezo mpya. Mwaka wa 1925, mbele ya wataalamu waliokutana Southampton, alichukua rekodi za dunia za mbio, za wanaume na wanawake, hata za kuogelea, akachora mistari kuonyesha namna mwendo unavyoshuka kadiri safari inavyokuwa ndefu. Mwisho wa 1926 alifundisha watoto wa London habari za mishipa na misuli kwenye Royal Institution, masomo ambayo yalikuja kuwa kitabu. Mwaka wa 1927, akiwa Cornell, Marekani, aliwafunga wakimbiaji kipande cha chuma chenye sumaku kifuani na kuwapitisha pembeni ya waya zilizozungushwa na kupangwa kando ya njia. Kila walipopita waya, sindano ya chombo ilicheza, na hivyo alijua mwendo wao kwenye kila kipande cha njia. Aliona kama mtu wa mbio fupi anafika mwendo wake wa juu haraka, alafu hawezi kuushika mpaka mwisho. Anayeshinda mara nyingi ni yule anayepunguka kidogo kuliko wengine. Mu Philadelphia mzee mmoja alimuuliza hayo yote yana faida gani. Hill alijaribu kueleza faida, mwisho akakubali kwamba sababu ya kweli ni kuwa kazi hiyo inamfurahisha. Makochi walizitumia zile hesabu, akifurahi ao asifurahi.

Alafu ukafika mwaka wa 1930. Kijana wa Denmark, Einar Lundsgaard, aliwekea msuli wa chura sumu inayozuia asidi laktiki isitengenezwe hata kidogo. Kwa maneno ya Hill na Meyerhof, msuli ule haukupaswa kufanya kazi. Lakini ulifanya. Ulijikunja mara nyingi, ukachoka, ukakakamaa, bila asidi laktiki hata tone. Kwa hiyo asidi haikuwa chanzo cha nguvu ya msuli, na uchovu unaweza kuja bila yenyewe. Nguvu ilitoka kwa vitu vingine vyenye fosfati ndani ya msuli.

Jiwekeni mu nafasi yake. Uko na Nobel, wanafunzi wako wanafundisha maneno yako kila mahali, na mtu asiyejulikana anabomoa nyumba yako kwa sumu moja. Viongozi wangapi tunaowajua hapa wangekubali? Hill hakubishana. Mwaka wa 1932 aliandika makala ndefu kueleza kwamba fiziolojia ya misuli imepata mapinduzi, na kwamba hesabu za zamani zirudiliwe, zake zikiwemo. Akarudi kwa chura wake na vyombo vizuri zaidi, na mwaka wa 1938 akatoa kanuni inayounganisha uzito wa mzigo na mwendo wa msuli: mzigo ukizidi, msuli unajikunja polepole. Ile kanuni ingali inatumika mpaka leo, hata kwa wanaotengeneza mifano ya mwili mu ordinateri.

Tatizo ni kwamba maneno ya kwanza yalikuwa yameshaenda mbali, na sahihisho halikuyafikia. Tangu miaka ya 1980, George Brooks wa California na wengine wameonyesha kama laktati, ile tunayoiita asidi, ni chakula: misuli mingine inaichoma, moyo unaichoma, hata ubongo. Kisha mazoezi inarudi kwenye kiasi chake cha kawaida kama mu saa moja. Maumivu ya kesho yake hayatoki kwayo. Yanatoka kwa vidonda vidogo sana ndani ya msuli, zaidi pale unapofanya kazi ya kufunga breki, kama kuteremuka mlima na mzigo.

Hill alifanya mengine ambayo sitayamaliza hapa. Hitler alipoanza kufukuza wataalamu Wayahudi mwaka wa 1933, alikuwa kati ya wale waliounda kamati ya kuwatafutia kazi Uingereza. Bernard Katz alifika kwake mwaka wa 1935, mkimbizi kijana asiye na nchi, akaingia mu labo. Mwaka wa 1970 naye alipata Nobel. Meyerhof mwenyewe ilibidi akimbie Ujerumani mwaka wa 1938. Wakati wa vita ya pili Hill alikuwa mbunge. Binti yake Polly alikuja Ghana na kuandika juu ya wakulima wa kakao, kwa hiyo ile famili haikuwa mbali sana na Afrika. Hill alikufa Cambridge tarehe 3 mwezi wa 6, 1977, akiwa na miaka 90.

Kuna neno lake moja ambalo watu walilisahau kwa miaka mingi. Mu maandiko ya 1924, yeye na wenzake waliwaza kwamba lazima kuna kitu kinachoangalia moyo, kama kirekebisho cha mashini: oksijeni ikipunguka mu moyo, kinashusha kazi mbele haujaumia. Mu miaka ya 1990 Tim Noakes wa Cape Town alilifufua hilo wazo, akasema mlinzi huyo yuko mu ubongo, na uchovu ni namna yake ya kutusimamisha. Wataalamu wengi hawakubali, wanasema misuli yenyewe inashindwa; mabishano hayajaisha. Lakini pande zote mbili hawasemi tena kwamba ni asidi tu.

Juu ya kuanguka, niliuliza munganga mmoja wa hapa kwetu. Alieleza kama mtu akianguka kisha kusimama ghafla, mara nyingi ni damu imebaki mu miguu: alale, miguu iinuliwe. Akianguka angali anakimbia, hiyo ni ingine, moyo wake lazima upimwe mbele ya kurudi uwanjani. Niliuliza wenzake. Wote walisema alikuwa angali anakimbia.

Mama yake alimpeleka. Siku ya Mungu iliyopita nilimwona pembeni ya uwanja na saa ya kocha mkononi, anahesabia wengine mizunguko, akingojea majibu.