John Sloan na Picha Zilizorejeshwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasuta wenye bidhaa duni wanaotegemea makelele ili kupata wanunuzi. Hata hivyo, yapo maisha ya baadhi ya wasanii yanayotulazimu kuitia methali hii kwenye mizani. Miongoni mwao ni ya John Sloan, Mmarekani aliyechora maisha ya makabwela wa jiji la New York mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi zake hazikujiuza. Nyingi zilibaki mikononi mwake kwa miaka mingi, na baadhi alirudishiwa kwa madai kwamba hazikuwa na staha. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuongozwa na swali moja: ni nani anayeamua kipi kistahili kukusanywa na kuhifadhiwa?

Sloan alizaliwa tarehe 2 Agosti 1871 katika mji wa Lock Haven, jimboni Pennsylvania, na kukulia Philadelphia. Mnamo 1888, babake aliugua akili, akashindwa kufanya kazi. Kijana huyu wa miaka 16 aliacha shule ili aikimu familia, akaajiriwa katika duka la vitabu la Porter and Coates. Yamkini masaibu hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango wa sanaa. Dukani humo mliuzwa vitabu na picha pia, naye alipata fursa ya kuzitazama kwa karibu kazi za mabingwa kama Dürer na Rembrandt na kuziiga. Kwa kutumia kitabu cha mafunzo cha Hamerton, alijifundisha mwenyewe kuchora picha za chapa kwa bamba la chuma na tindikali.

Ni vyema tueleze mbinu hii kwa muhtasari. Msanii hulipaka bamba, aghalabu la shaba, utando unaofanana na nta, kisha hukwaruza mchoro wake kwa sindano. Bamba hilo hutiwa katika tindikali, ambayo hula sehemu zilizokwaruzwa pekee. Baada ya utando kuondolewa, wino hupakwa na kufutwa, ukabaki ndani ya mifereji ile. Hatimaye karatasi yenye unyevu hulazwa juu ya bamba na vyote viwili kupitishwa katika mtambo wa kubana. Bamba moja laweza kutoa nakala nyingi. Ndiyo maana picha ya chapa, kinyume na mchoro wa rangi ambao ni mmoja tu, ingeweza kumfikia hata mtu asiye tajiri.

Mnamo 1892, Sloan alianza kuchora katika gazeti la Philadelphia Inquirer, na baadaye akahamia Philadelphia Press. Mwaka huo huo wa 1892 alikutana na Robert Henri, mchoraji aliyewahimiza vijana waache kuiga mandhari ya kale na badala yake wayachore maisha waliyoyaona mitaani. Sloan alimwoa Anna Wall, maarufu kwa jina la Dolly, mwaka wa 1901. Mnamo 1904 walihamia New York, na kwa miaka kadhaa Sloan aliendelea kujikimu kwa kuchora picha za majarida na mafumbo ya gazeti la Press.

Ni katika jiji hilo ambapo alianza mfululizo wa picha 10 za chapa, kati ya 1905 na 1906, kuhusu maisha ya mjini. Katika Roofs, Summer Night, wapangaji wamelala juu ya paa wakikimbia joto la vyumba vyao. Katika Fun, One Cent, wasichana wanacheka mbele ya mashine za kutazamia picha kwa senti moja. Katika Turning Out the Light, mwanamke aliye kitandani ananyosha mkono kuizima taa huku akimgeukia mwenzake. Nao wakusanyaji hawakusazwa. Connoisseurs of Prints inawaonyesha wanaojiita wajuzi wakiinamia picha katika maonyesho, kila mmoja na maringo yake.

Mnamo 1906 Sloan alialikwa kuonyesha picha hizo 10 katika maonyesho ya chama cha wachoraji wa rangi za maji cha Marekani. Nne kati yazo alirudishiwa, ikidaiwa kwamba zilikosa adabu. Tukitaka kuelewa uamuzi huo, sharti tukumbuke kwamba wakusanyaji wengi wa wakati huo walithamini picha za chapa zenye mandhari tulivu, hasa zile zilizofuata nyayo za Whistler. Mke na mume katika chumba kilichojaa vurugu za maisha hawakuwa na nafasi katika kumbi zao.

Je, Sloan alikuwa akiwadhalilisha watu hao? Swali hili si la kupuuzwa, kwani mara nyingi aliwatazama majirani kupitia madirisha bila wao kujua. Hata hivyo, mwenye kuzichunguza picha zenyewe hatakosa kutambua kwamba kejeli yake kali aliiweka kwa ajili ya matajiri na wajuzi. Makabwela wake wanacheka, wanapendana na kupumzika. Hawaombi kuhurumiwa.

Masaibu yake hayakuishia hapo. Mnamo 1908, wachoraji 8, Sloan na Henri wakiwamo, walifanya maonyesho maarufu katika jumba la Macbeth. Picha kadhaa zilinunuliwa, lakini yake hata moja haikununuliwa. Hata kufikia 1913, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, alikuwa ameuza michoro michache tu ya rangi. Miongoni mwa wachache walionunua picha zake za chapa alikuwemo wakili John Quinn. Mara nyingi Sloan alinuia kutoa nakala 100 kwa kila bamba, lakini alichapisha kadiri zilivyohitajika, na wahitaji walikuwa haba. Kutokana na hali hiyo, baadhi ya nakala ambazo leo ni adimu ni adimu kwa sababu hazikutakiwa.

Pamoja na hayo, hakuiacha kazi wala msimamo wake. Alijiunga na chama cha kisoshalisti mwaka wa 1910, akalichorea jarida la The Masses bila malipo hadi 1916, na kwa miaka mingi akafundisha katika Art Students League. Kuanzia 1918 hadi kufa kwake alikuwa rais wa Society of Independent Artists, chama kilichowaruhusu wasanii kuonyesha kazi zao bila kupitia kwa waamuzi. Mtu aliyewahi kurudishiwa picha zake alielewa umuhimu wa mlango wa aina hiyo.

Dolly aliaga dunia mnamo 1943, na mwaka uliofuata Sloan akamwoa Helen Farr, aliyekuwa mwanafunzi wake. Sloan alifariki tarehe 7 Septemba 1951, na maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yakafunguliwa katika makumbusho ya Whitney mnamo 1952 bila yeye kuyaona. Hadi alipofariki mwaka wa 2005, Helen alizitunza kazi hizo na kuzigawa kwa makumbusho, hasa Delaware Art Museum, yenye hazina kubwa kuliko zote ya kazi za Sloan.

Maisha haya yanatufunza nini sisi wanafunzi wa fasihi? Kizuri hakikujiuza, kilihitaji mkono wa kukihifadhi hadi macho ya watu yalipofunguka. Nasi tunapoamua kipi kisomwe, kihakikiwe au kitupwe, tunashika nafasi ya waamuzi wale wa 1906. Tusikiite kitu kichafu kwa sababu tu kinatuonyesha nyumba ya jirani ilivyo.