Idi Amin: mpishi wa jeshi aliyegawa maduka ya bure

Na Mwandishi Wetu, Arua

Kila anayefanya biashara katika soko la Arua anaijua nyongeza. Mteja akishapimiwa maharage yake, muuzaji huongeza konzi moja juu. Mwenye duka la jumla humwagizia dereva wa lori chai na chapati wakati mzigo unashushwa. Mwenye sabuni mpya hugawa vipande vidogo ili watu waijaribu. Watu hufurahi na hakuna anayefilisika, kwa sababu anayetoa anajua kitu kile kimetoka wapi. Kimetoka kwenye faida yake mwenyewe, na amekipigia hesabu kabla ya kukitoa.

Hata hivyo, West Nile ina historia ya zawadi za namna nyingine kabisa. Mgawaji wake alikuwa Idi Amin Dada, Rais wa Uganda kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, ambaye asili ya baba yake ni Koboko. Yeye aligawa maduka, viwanda, nyumba na magari ambayo hakuyanunua. Wafanyabiashara na wasafirishaji wa mpaka huu wanalo la kujifunza katika maisha yake, maana bili ya zawadi zile haikulipwa na waliozifaidi. Sehemu kubwa ilikuja kulipwa hapa Arua na Koboko.

Aliingilia mlango wa jikoni

Amin alizaliwa takriban mwaka 1925. Wapo wanaosema alizaliwa Koboko na wapo wanaosema ni Kampala. Lisilo na ubishi ni kwamba baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, makabila mawili ambayo hadi leo ndiyo wenyeji wa Koboko na Arua. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo sana.

Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la Waingereza la King's African Rifles akiwa mpishi msaidizi. Baadaye alipokuwa mkubwa alidai kwamba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, lakini vita hivyo vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla hajaandikishwa. Alianza maisha ya kazi mahali ambapo chakula hakinunuliwi. Kambini posho hufika kwa lori, hupikwa, hugawiwa, na hakuna askari anayeulizwa unga umelipiwa na nani.

Kutoka jikoni aliingia kwenye safu za askari, akahudumu Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, akapanda vyeo. Katika ndondi alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi kwa miaka mingi ya 1950. Mwaka 1961, Uganda ikikaribia uhuru, alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni ya ofisa. Mwenzake alikuwa Shaban Opolot.

Dhahabu ya Kongo

Jina lake lilihusishwa na biashara ya mpakani kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1960. Serikali ya Milton Obote ilikuwa ikiwasaidia waasi wa mashariki mwa Kongo, na Amin ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Silaha zilikwenda, na upande wa pili, kwa mujibu wa tuhuma zilizofika bungeni, vilirudi dhahabu na pembe za ndovu.

Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akiwa na taarifa ya akaunti ya benki ya Amin, yenye shilingi zaidi ya 300,000 zilizoingizwa kwa muda mfupi. Mshahara wa ofisa wa jeshi wakati ule haukukaribia fedha hizo. Badala ya kuwajibishwa, Amin alipandishwa cheo mwaka huohuo. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Obote akiwa safarini Singapore.

Siku tisini

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda. Walipewa siku 90, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Novemba. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Walioruhusiwa kuchukua fedha walichukua kidogo mno, na mali nyingine yote waliiacha. Wapatao 28,000 walikwenda Uingereza, na wengine wakatawanyika Canada, India na kwingineko.

Amin aliiita hatua hiyo Vita ya Uchumi. Ni kweli kwamba malalamiko ya Waafrika yalikuwepo. Biashara ya jumla, viwanda na uagizaji wa bidhaa vilikuwa mikononi mwa watu wachache, na Mwafrika aliyetaka kufungua duka alipata shida ya mtaji na ya kupata mali kauli. Ndiyo maana wengi walishangilia.

Baada ya hapo ukaja ugawaji. Kamati za mawaziri na maofisa wa jeshi zilipita mtaa kwa mtaa zikigawa maduka. Zaidi ya biashara na mashamba 5,000 yalibadilisha mikono. Wengi waliopata walikuwa wanajeshi, ndugu zao na marafiki zao. Hawakuombwa mtaji wala hawakuulizwa kama waliwahi kuuza hata kiberiti. Watu wakawabandika jina la mafuta mingi.

Bei ya shati

Kuna kisa kinachosimuliwa Uganda nzima hadi leo, kwamba mwenye duka mpya aliulizwa bei ya shati, akatazama namba ya ukubwa wa shingo na kuitaja kama bei. Huenda watu wamekitia chumvi kisa hicho, lakini kila mfanyabiashara anaelewa kinazungumzia nini.

Duka si rafu na bidhaa zilizomo. Duka ni muuzaji wa jumla anayekuamini, ni daftari la madeni, ni kujua lini uagize na kwa kiasi gani, ni fundi anayejua mashine, ni barua ya benki inayokubalika Mombasa. Mambo hayo yote yaliondoka na wenyewe. Aliyepewa duka aliuza kilichokuwa rafuni, akala fedha yote akidhani ni faida, na rafu ilipokuwa tupu hakujua pa kwenda.

Sukari ni mfano mzuri. Viwanda vya Kakira na Lugazi viliifanya Uganda izalishe zaidi ya tani 140,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu umekufa. Foleni za sukari, chumvi na sabuni zikawa jambo la kawaida. Serikali ilipanga bei, bidhaa zikahamia kwenye magendo. Mwaka 1975 Amin akaunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, na mtu aliyeshikwa na magendo au kuficha bidhaa aliweza kupigwa risasi.

Whisky ya Stansted na mboga za Kigezi

Wakati raia wakipanga foleni, zawadi za jeshi hazikukoma. Ndege za mizigo ziliruka kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza, hadi Entebbe zikiwa zimejaa whisky na bidhaa nyingine za anasa kwa ajili ya maofisa na askari. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1979. Fedha za kigeni zilizolipia mizigo ile zilitokana na kahawa ya wakulima, na kahawa ilikuwa na bei nzuri sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Uganda ilipata bahati hiyo ikainywa.

Amin alipenda pia kuonekana mkarimu mbele ya dunia. Mwishoni mwa mwaka 1973, Uingereza ikiwa na matatizo ya uchumi, alianzisha mfuko wa kuiokoa, akatoa shilingi 10,000 zake. Mwezi uliofuata aliwaarifu Waingereza kwamba watu wa Kigezi wamejaza lori mboga na ngano, akawataka walete ndege kuzichukua. Hawakuleta. Mwaka 1975 aliandaa mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, na wageni wakakirimiwa kwa anasa katika nchi iliyokuwa haina sabuni.

Nyuma ya ukarimu huo palikuwa na mauaji. Watu waliouawa katika utawala wake wanakadiriwa kufikia laki kadhaa, na miongoni mwao walikuwemo wafanyabiashara ambao kosa lao lilikuwa ni kuwa na mali iliyotamaniwa na mwenye bunduki. Anayegawa cha wenzake leo, kesho atahitaji wengine wa kuwanyang'anya.

Njia ya Mombasa

Wasafirishaji nao walionja shubiri. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Baada ya makomandoo wa Israel kuvamia uwanja wa Entebbe mwezi Julai mwaka huohuo, uhusiano uliharibika zaidi, na Kenya ikabana mafuta ikitaka kwanza kulipwa fedha yake. Magari ya Uganda yakasimama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja nalo likavunjika.

Oktoba 1978 askari wa Amin wakavamia Kagera nchini Tanzania. Walivunja daraja la Kyaka, wakapora ng'ombe na mali ya kiwanda cha sukari. Nyumbani hapakuwa na cha kugawana tena, hivyo wakavuka mpaka. Tanzania ilijibu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka na Amin akakimbilia Libya.

Bili yafika Koboko

Mwanzoni mwa Juni 1979 majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan. Watu wengi wa Koboko na Arua walikuwa wameshavuka kwenda Sudan na Zaire. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin wakashambulia West Nile, na jeshi jipya la Uganda likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Mamia ya maelfu wakawa wakimbizi.

Wengi wa watu hao walikuwa wakulima wa kawaida wa muhogo, tumbaku na pamba. Hawakupata duka Kampala wala hawakuonja whisky ya Stansted. Lakini walikuwa wa mkoa mmoja na mgawaji, na hilo lilitosha kuwatia hatiani.

Huko uhamishoni walipewa posho ya wakimbizi. Wapo waliokaa wakiisubiri, na wapo waliotoka kambini wakaanza kuuza chumvi, nguo na mafuta katika masoko ya Yei, Kaya, Aba na Ariwara. Waliporudi katikati ya miaka ya 1980 walirudi wakiwa na ujuzi, lugha na watu wa kuwaamini pande zote tatu za mpaka. Vijana waliouza petroli kwa madumu katika barabara za Arua, maarufu kama Opec Boys, walitokana na mazingira hayo. Mtu anaweza kuwalaumu kwa magendo, lakini mtaji wao waliutafuta wenyewe, na soko la Arua lilijengwa na watu wa aina hiyo.

Posho ya Jeddah

Amin mwenyewe alitoka Libya akahamia Saudi Arabia. Serikali ya huko ilimpa nyumba na posho kwa sharti kwamba asijihusishe na siasa. Januari 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire kwa pasipoti ya bandia, akatambuliwa Kinshasa na kurudishwa. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 na kuzikwa hukohuko. Maisha yake ya kazi yalianza kwenye chakula cha jeshi na yakaishia kwenye posho ya mfalme.

Maduka aliyogawa nayo hayakudumu. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudisha mali kwa Waasia, na katika miaka ya 1990 zoezi hilo lilikamilishwa kwa sehemu kubwa. Kakira na Lugazi zilirudi kwa wenyewe na sukari ikapatikana. Aliyekuwa amekaa kwenye jengo la bure kwa miaka 20 aliamka akiwa mpangaji.

Leo barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko hadi Oraba. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Miradi, misaada na ahadi za wanasiasa hupita kwenye barabara hiyohiyo pamoja na malori. Si dhambi kupokea, na nyongeza ni sehemu ya biashara. Lakini kabla ya kupokea duka, gari au mtaji usiolipiwa, mfanyabiashara aulize mambo matatu: ni mali ya nani, karatasi yake iko wapi, na ikiisha nitaagiza wapi nyingine. Waliopokea mwaka 1972 hawakuuliza. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.