Tajiri Aliyekataa Kunyamaza

Reli ya zamani ipitayo hapa Bura ni tawi litokalo Voi, penye reli kuu ya Mombasa. Kila niionapo humkumbuka marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa Kibohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856. Reli kuu ilipojengwa, alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, akatajirika. Matajiri wengi hunyamaza ili kulinda mali zao, yeye hakunyamaza. Mwaka 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, peke yake kati ya Wazungu, na mwaka 1910 akenda London kulalamikia ubaguzi. Kweli, aliwatetea zaidi Wahindi wenzake. Mwafrika hakupata kiti humo hadi 1944. Lakini mlangoni pale, naamini, yeye ndiye aliyetangulia kupiga hodi. Alifariki mwaka 1936.