Mbaruk wa Gazi na lawama ya vita vya 1895

Anayevuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini hufika Gazi baada ya kilomita zipatazo 50. Anayepitia Kisauni kuelekea kaskazini hukutana na Mtwapa, kisha Takaungu. Mombasa ilikuwa katikati ya ncha hizo mbili pale vita vya ndugu vilipozuka mwaka 1895, na lawama yake imetwikwa zaidi mtu mmoja: Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui.

Mbaruk alikuwa mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa, Rashid bin Salim. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Oman na Unguja aliuvunja utawala wa ukoo huo, akawakamata wakuu wake na kuwasafirisha hadi Bandar Abbas, wasionekane tena. Waliosalimika waligawanyika, tawi moja likakaa Takaungu na lingine Gazi. Mtoto aliyepokonywa baba namna hiyo hakutarajiwa kuwa raia mtiifu wa Unguja.

Wala hakuwa. Alipokuja kuitawala Gazi aliasi mara kwa mara, na kila alipozidiwa alikimbilia ngome yake ya Mwele, ndani ya misitu ya bara. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani chini ya Lloyd Mathews yaliiteka ngome hiyo, lakini mwenyewe akaponyoka. Wadigo wengi walimfuata, pamoja na watumwa waliotoroka mabwana zao. Hata hivyo, Waingereza walipoingia pwani kwa jina la Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki, mzee huyo alitulia na kupokea posho yao.

Moto haukuwashwa Gazi. Mapema mwaka 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kwa desturi ya ukoo, cheo kilimwelekea mtoto wa ndugu yake aliyekuwa mkubwa kwa umri, naye pia akiitwa Mbaruk bin Rashid (majina ya Wamazrui humchanganya hata msomaji makini). Kampuni ilimtaka kijana Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa alikuwa rafiki yake. Ikamsimika. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kufilisika na kujiandaa kuondoka. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo nchi ilikabidhiwa serikali ya Uingereza, na ugomvi ukakabidhiwa pamoja nayo.

Mbaruk wa Takaungu alikataa, akapigwa, akakimbilia kwa jamaa yake Gazi. Sasa mzee alitakiwa kuchagua: amtoe mgeni aliyeomba hifadhi chini ya dari yake, au apoteze amani na posho. Alimhifadhi. Balozi Arthur Hardinge aliliona jambo hilo kuwa uasi, na tarehe 17 Agosti 1895 kikosi cha Amirali Rawson kiliiteka Mwele.

Kuanguka kwa Mwele hakukumaliza vita, bali kulivitawanya. Aziz, nduguye Mbaruk wa Takaungu, alipigana kaskazini, na Khamis bin Kombo wa Mtwapa, ambaye hakuwa Mmazrui, akajiunga na waasi. Mashamba na vijiji viliteketezwa pande zote mbili za Mombasa. Huko Kisauni, wakazi wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari miaka 20 nyuma kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, walijikuta karibu mno na eneo la waasi. Njia ya misafara iliyopita Changamwe kwenda bara nayo haikuwa salama, na hilo liliwatia Waingereza wasiwasi mkubwa kwa kuwa reli ya Uganda ilikuwa karibu kuanza kujengwa. Wakaleta askari Wabaluchi kutoka India mwaka 1896.

Mbaruk angeweza kumtoa mgeni wake na kuepusha maafa hayo. Katika hilo hana udhuru kamili. Lakini uzito mkubwa wa lawama uwaangukie walioamua urithi wa nyumba isiyo yao, kisha wakaita haki ya mwenye nyumba uasi.

Aprili 1896 alivuka mpaka na zaidi ya watu 1,000, akajisalimisha Moa kwa gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam hadi kufariki mwaka 1910. Rashid bin Salim alibaki liwali wa Takaungu, na ardhi ya Khamis bin Kombo huko Mtwapa ikatwaliwa na serikali.