Mtakatifu Bernard wa Aosta, Msimamizi wa Wapitao Milimani

Katikati ya Ulaya, zinapopakana nchi za Italia, Uswisi na Ufaransa, husimama milima mirefu iitwayo Alpi. Theluji hukaa juu ya vilele vyake vikubwa mwaka mzima, na wakati wa baridi hushuka hata mabondeni. Wenyeji wa Beni na Mutwanga, ambao kunapokucha huona weupe juu ya Ruwenzori, wanaijua theluji kwa mbali. Bali watu wa Alpi huishi nayo, huikanyaga, na mara nyingine huzikwa nayo wangali hai. Mtakatifu Bernard aliwahurumia wasafiri wa milima hiyo, tena kwa huruma yenye akili na utaratibu, hata kazi yake imedumu karibu miaka elfu.

Arkidiakoni wa Aosta

Bernard aliishi katika karne ya 11. Masimulizi ya watu yasema kwamba alizaliwa katika ngome ya Menthon, nchi ya Savoie, mwana wa ukoo bora. Ya kwamba baba yake alimchagulia mchumba, naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumtolea Mungu maisha yake, alitoroka usiku kwa njia ya dirisha. Lakini masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake, na wataalamu wa historia hawayategemei. Lililo hakika ni kwamba Bernard alikuwa arkidiakoni wa Kanisa la Aosta, yaani msaidizi mkuu wa askofu, na kwamba alikuwa mhubiri hodari na rafiki wa maskini.

Mji wa Aosta umejengwa bondeni, upande wa Italia, mahali zinapokutana njia mbili za kuvuka Alpi. Moja yaelekea Savoie. Ya pili hupanda mpaka kimo cha mita 2469, kisha hushuka Uswisi. Warumi wa kale walikuwa wamejenga huko juu hekalu la mungu wao Jupiter, na baadaye njia hiyo ikawa njia ya wahujaji waendao Roma. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipita huko akirudi Uingereza. Lakini ilikuwa njia ya hofu. Mwaka 972 wanyang'anyi walimkamata Majolus, abate wa Cluny, wasimwachilie mpaka fidia ilipolipwa. Na wale waliookoka mikononi mwa wanyang'anyi walikutana na adui mwingine asiyepokea fidia, yaani theluji.

Theluji iuavyo

Mtu asiyeijua theluji hudhani ni kitu chepesi kama pamba. Ndivyo ilivyo inapoanguka. Lakini huanguka tabaka juu ya tabaka, na tabaka hazishikamani zote. Upepo huikokota toka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Huenda tabaka dhaifu likafunikwa na tabaka nzito, wala jicho lisione hatari yo yote. Hapo uzito wa mtu mmoja tu watosha kuivunja. Mteremko wote hukatika kwa ghafula, theluji huporomoka kwa ngurumo, ikichukua watu, wanyama na miti. Maporomoko mengi ya namna hiyo hutokea penye miteremko mikali, inayozidi nyuzi 30.

Theluji iliyoporomoka, mara isimamapo, huwa ngumu kama udongo uliopigwa. Aliyefunikwa hawezi kuinua hata mkono. Pumzi yake hugeuka barafu mbele ya uso wake, na hewa humwishia. Akifukuliwa katika robo ya saa ya kwanza, mara nyingi huwa hai. Ikipita nusu saa, wengi wamekwisha kufa. Basi msaada utokao mbali, hata ukija mbio, huja kuchukua maiti.

Nyumba iliyojengwa juu

Bernard aliwaona wasafiri wakifika Aosta na vidole vilivyokufa kwa baridi, akasikia habari za wenzao wasiofika. Hapo zamani ilikuwako nyumba ya wageni upande wa Uswisi, katika kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, lakini ilikuwa chini ya mlima, tena ilikuwa imeharibiwa. Arkidiakoni hakuridhika kuwapa chakula waliofika salama. Mnamo mwaka 1050 alianzisha nyumba kule kule juu kabisa, karibu na magofu ya hekalu la Jupiter, mahali palipo na theluji miezi mingi ya mwaka wala hapaoti mti hata mmoja. Aliiweka pale mauti yalipokuwapo, si pale palipo raha kukaa. Inasemwa kwamba ni yeye pia aliyeanzisha nyumba ya wageni katika njia ile ya Savoie.

Aliwaweka huko watumishi wa Mungu ili wakae siku zote, kiangazi na wakati wa baridi. Baadaye watumishi hao wakawa shirika la wakanoni, yaani mapadri waishio pamoja katika kanuni ya Mtakatifu Augustino. Kila mgeni alipokewa, tajiri na maskini, pasipo kulipishwa. Mlango ulikuwa wazi usiku na mchana. Na kwa karne nyingi, kila asubuhi ya wakati wa baridi, watu wa nyumba hiyo walishuka pande zote mbili za mlima, wakichukua mkate na divai, wawatafute wapandao kabla hawajapotea.

Bernard mwenyewe aliendelea kuhubiri katika nchi hizo. Mwaka 1081 alikwenda mpaka Pavia kumsihi mfalme Henri wa Nne asimpige vita Papa Gregori wa Saba. Mfalme hakusikia. Akiwa njiani kurudi, Bernard alishikwa na ugonjwa, akafa Novara mwezi wa Juni, akazikwa huko.

Viongozi wa Saint-Rhémy

Kufa kwake hakukuikomesha theluji. Mwanzoni mwa mwaka 1129 abate mmoja, Rodulf wa Sint-Truiden, alikuwa akirudi toka Roma, akakwama pamoja na wahujaji wengi katika kijiji cha Saint-Rhémy, chini ya mlima upande wa Italia. Kijijini walikuwako watu waliojua kazi ya kuongoza wasafiri. Walifunga vichwa vyao kwa nguo nzito ya sufu, wakavaa glovu zenye manyoya, na viatu vyenye misumari ya chuma chini ili wasiteleze juu ya barafu. Mikononi walishika fito ndefu za kupimia njia iliyofichwa na theluji.

Wahujaji, wakiogopa mauti, waliingia kanisani kuungama na kupokea Ekaristi Takatifu. Padri mmoja hakutosha kwa wingi wao. Wakati huo huo viongozi walitangulia kutoka kijijini ili kufungua njia. Theluji ikaporomoka mlimani, ikawafunika kumi. Wenzao wakakimbilia mahali pale, wakachimba. Wengine walitolewa wakiwa wamekufa, wengine wakiwa nusu hai, wengine mifupa imevunjika. Kijiji kikajaa kilio, mke akimlilia mume wake na dada akimlilia kaka yake. Waliotolewa hai waliokolewa na wenzao waliokuwa karibu, waliokuwa na mikono tayari.

Mbwa na skii

Tangu karne ya 17 wakanoni walianza kufuga mbwa wakubwa, ambao huijua njia hata katika ukungu, na kwa kunusa hutambua mtu aliyefunikwa. Aliyejulikana kuliko wote aliitwa Barry, aliyekuwako mwanzo wa karne ya 19. Inasemwa aliokoa watu 40. Mwili wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bern.

Kisha zikaja skii, yaani mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu asizame. Wakati wa kupanda, chini yake hubandikwa vitambaa vyenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Hivyo skii huteleza mbele wala hairudi nyuma. Juu kileleni vitambaa hubanduliwa, na mtu hushuka kwa kasi. Wakanoni wenyewe walizijifunza.

Mwaka 1923 Papa Pio wa Kumi na Moja, ambaye katika upadri wake alipanda milima mingi ya Alpi, alimtangaza Mtakatifu Bernard kuwa msimamizi wa wakaao na wapandao milimani. Mwaka 1964 ilifunguliwa njia ya magari ipitayo ndani ya mlima, na wengi wakadhani kazi ya nyumba ile imekwisha. Haikuisha. Wakati wa baridi barabara ya juu hufungwa, na wageni huifikia nyumba kwa skii au kwa viatu vya theluji; wakanoni wangali wanawapokea.

Wageni hao, wakiwa na busara, huchukua vitu vitatu: kisanduku kidogo kivaliwacho kifuani, kinachotoa ishara ya redio na kupokea ishara ya mwenzake aliyefunikwa, ufito mwembamba unaokunjuliwa, wa kudungia theluji mpaka kumgusa, na beleshi la kumfukulia. Kabla ya kutoka husoma taarifa ya hatari ya siku ile. Penye mteremko mbaya hupita mmoja mmoja, wengine wakimtazama, ili akifunikwa mmoja wabaki wa kumfukua. Na anayejua zaidi ndiye mwenye kusema turudi, hata kama kilele ki karibu.

Tuangalie jambo hili. Vitu vile vitatu havimsaidii mwenye kuvichukua peke yake. Beleshi lililo mgongoni mwangu ni uzima wa mwenzangu, na langu liko mgongoni mwake. Asiyejifunza kulitumia, hata akimpenda mwenziwe sana, atasimama juu yake akilia tu.

Ndilo funzo la Mtakatifu Bernard. Kumwomba Mungu atulinde ni wajibu wetu. Kumjaribu kwa uzembe ni dhambi. Upendo hujitengeneza kabla ya shida kufika, nao hukaa karibu na mahali pa hatari. Mtaani na kijijini mwetu kila mmoja anajua njia inayopoteza watu, na nyumba ambayo wenyewe wanazama pasipo kelele. Basi tusingoje bondeni kuwapokea waliookoka. Tupande kwao mapema, nasi tuwe na vyombo mkononi, kwa maombezi ya Mtakatifu Bernard.