Mama Kevina, Muuguzi wa Chini ya Mwembe



Mwezi uliopita Mchungaji alitangaza kwamba timu yetu ya kutembelea wagonjwa imeambiwa isimame kwanza, isiingie wodini mpaka itakapoitwa. Wengi mliuliza sababu, na wengine mkasema hapo hapo kwamba ni vita vya kiroho. Mimi nilikuwepo siku ile, na ukweli ni huu. Mmoja wetu alimwekea mikono bibi mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa amelala, akaanza kukemea kwa sauti, bila kumuuliza yeye wala binti yake aliyekaa pale kando na buibui lake. Bibi wa watu akaamka kwa hofu. Binti hakugombana na mtu, aliinuka tu akaenda kwa sista wa zamu. Basi. Vita vyenyewe ndivyo hivyo.

Mchungaji akaniomba niandike kitu, kwa kuwa nimefanya uuguzi miaka mingi hapa Mombasa. Nilianza kuandika mafundisho, nikaona nitawachosha. Afadhali niwasimulie habari za mtu.

Mtu huyu alipita hapa kwetu. Treni ya kwenda bara ilivuka Makupa enzi hizo kama ilivyokuja kuvuka miaka yote baadaye, na ukitoka kisiwani kwa reli huwezi kuikwepa Kibarani. Mwaka 1903 hapakuwa na dampo wala malori ya kontena. Masista sita wa Kikatoliki walishuka melini Mombasa, wakapanda gari moshi mpaka ziwani, wakavuka maji, na tarehe 15 Januari 1903 wakawa wamefika Uganda. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 27 aitwaye Sista Kevin. Jina la kuzaliwa ni Teresa Kearney, wa Arklow, Ireland.

Najua wapo watakaoguna. Mtawa wa Kikatoliki kwenye gazeti letu? Someni Luka 10 mpate kuona Bwana mwenyewe alimchagua nani awe mfano, na wasikilizaji wake walikuwa watu gani. Mimi nasonga mbele.

Teresa alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875, na babake alikuwa ameshafariki kwa ajali miezi mitatu kabla. Alipofika miaka kumi mamake naye akafa. Akalelewa na bibi yake, kama watoto wengi tunaowajua hapa mtaani, na bibi akaondoka Teresa akiwa na miaka 17. Akafundisha shule kidogo, kisha mwaka 1895 akaingia utawani Mill Hill, London. Alitamani kutumwa Marekani kuhudumia watu weusi. Badala yake Askofu Henry Hanlon akaomba masista waende Uganda, na tarehe 3 Desemba 1902 wakaondoka London.

Sasa hebu fikirini walikoenda. Buganda ilikuwa imetoka kwenye vita vya dini. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki pale Mengo, na Waislamu nao walikuwa wamepigana na hao wote kabla ya hapo. Kila dini ilikuwa na kilima chake: Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki wa Kifaransa, Kibuli kwa Waislamu, na Nsambya ndiyo wakapewa hawa wamisionari wa Mill Hill. Namirembe walishakuwa na hospitali, ile ya Mengo ya Daktari Albert Cook, tangu 1897. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa malale uliofyeka watu kandokando ya ziwa na Busoga. Wanaohesabu husema zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache tu. Na ndui pia ilikuwepo, na malaria, na watoto wachanga kufa na mama zao.

Masista hawakuwa na jengo. Zahanati yao ya kwanza Nsambya ilikuwa chini ya mwembe. Mimi hiyo sehemu ndiyo inanigusa kuliko yote, pengine kwa sababu nimefanya kazi maisha yangu yote ndani ya kuta, ambako kuna mlango, na askari mlangoni, na kibao cha saa za kutembelea. Chini ya mwembe mgonjwa ndiye anayeamua akae karibu au mbali. Akiogopa, atasimama kwenye majani atazame wenzake wanavyofungwa vidonda mpaka roho itulie. Sista naye inabidi amngoje.

Tena Teresa alikuwa mwalimu. Uuguzi aliujifunzia kazini, na lugha ya Waganda ilibidi ajifunze vilevile. Wapendwa, mnaweza kuona lugha ni jambo dogo. Mimi nimefanya kazi na wauguzi wenzangu wa kutoka bara, wazuri sana, lakini mgonjwa wa Mji wa Kale akisema moyo wamwenda mbio yeye anaandika presha, kumbe mama wa watu ana huzuni, amefiwa. Na mzee wa Kigiriama au Kiduruma akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini ataitikia kila kitu ndiyo, ndiyo, kwa heshima tu. Halafu tunamwandikia ameelewa.

Mwaka 1910 ndipo alipofanywa mkuu wa masista wale, akawa Mama Kevin. Waganda wakamwita Mama Kevina. Kisha vita vya 1914 vikaja.

Hapa nataka kukaa kidogo. Mnajua zile sanamu za askari pale mjini. Vita ile Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki kwa migongo ya wapagazi. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi kile cha wapagazi. Hesabu ya serikali yenyewe ni zaidi ya 40,000 waliokufa, na si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka. Nsambya ilipokea wapagazi wagonjwa, na Mama Kevin alikasirishwa sana na jinsi Wazungu wenzake walivyowatendea watu wale. Serikali ya Uingereza ikampa nishani mwaka 1918 kwa kazi hiyo. Mimi ningependa kujua alijisikiaje kuipokea.

Lakini jambo kubwa alilofanya, kwa macho ya muuguzi, lilikuja baada ya vita. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Francis, kwa wasichana wanane tu. Na miaka hiyo hiyo, pamoja na Daktari Evelyn Connolly ambaye hakuwa mtawa, akaanzisha chuo cha uuguzi na ukunga Nsambya. Kuna sababu alimhitaji daktari huyo. Sheria za kanisa lake zilikataza watawa kufanya kazi ya kuzalisha. Fikirini: kina mama wanafia uzazi mlangoni pako na kanuni inasema usiguse. Roma ililegeza kanuni hiyo mwaka 1936. Kabla ya hapo chuo kilikuwa kinafundisha wasichana wa pale pale, waliojua mama mkwe akisimama mlangoni anataka nini, na mwanamke wa Kiganda akinyamaza ananyamazia nini. Sista kutoka Arklow hata akijifunza lugha miaka ishirini hawezi kufika hapo, na naona aliling'amua hilo mapema.

Sisemi alikubali kila mila. Alikuwa mmisionari, alikwenda kubadilisha watu, na yako mambo ya Waganda aliyoyapinga, kama sisi tunavyopinga mengine. Hilo silifichi, maana ndipo ninapotaka kuwaeleza habari yangu mimi.

Nilikuwa muuguzi kijana, nimeokoka miaka miwili, moto unawaka. Usiku mmoja akaja mama wa Kiduruma kutoka upande wa Kinango na mtoto wa miaka miwili hivi, homa kali, degedege. Mtoto alikuwa na hirizi mkononi na kamba nyeusi kiunoni. Mimi nikachukua mkasi, nikakata vyote, nikatupa kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yake. Sikumuuliza. Moyoni nilikuwa nashangilia, ati nimevunja kazi ya adui.

Yule mama hakulia wala hakusema kitu. Tulimpa mtoto dawa ya kwanza, nikaenda kwa wagonjwa wengine. Saa kumi alfajiri nikarudi, kitanda kitupu. Alikuwa amembeba mtoto na kuondoka naye gizani.

Sikumwona tena. Sijui yule mtoto aliishi au alikufa.

Baadaye sana ndipo nilipokuja kuelewa, kwa kufundishwa na mwenzangu mmoja Mduruma. Huko kwao, na Pwani nzima kwa kweli, degedege wengi huliita nyuni, jambo la ndege apitaye juu ya mtoto. Na wengi wanaamini mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hivyo yule mama kuja hospitali alishafanya jambo la ujasiri mkubwa, pengine amegombana na mama mkwe kijijini, pengine ameacha mganga njiani. Alishavuka mto. Na mimi nikamwondolea kile kitu kimoja alichokuwa bado amekishikilia, usiku, bila hata kumuuliza jina lake. Siamini hirizi, sijawahi kuamini, na sitaanza leo. Lakini mkono ule haukuwa wa kutiwa dripu, mtoto angetibiwa na hirizi yake vizuri tu. Kesho yake tungezungumza. Wiki ijayo tungezungumza. Nilikosa hata siku ya kesho.

Tangu siku ile nilibadilika kazini, na sina haja ya kujisifu, ni mambo madogo. Ramadhani ikifika namwuliza mgonjwa anafunga au la, kabla sijampangia saa za vidonge. Dawa nyingi za mara mbili daktari anakubali zihamishiwe magharibi na daku, na zile zisizohamishika tunaelezana, maana mgonjwa mwenyewe anajua dini yake imempa ruhusa asifunge. Mama wa buibui nampigia pazia kabla sijamgusa, na kama wa zamu ni mwanamume tunabadilishana. Maiti ya Muislamu sishughuliki nayo mpaka nimeuliza jamaa zake, maana wanataka kuosha na kuzika mapema. Na maombi? Naomba. Naomba nikisukuma kitoroli. Mgonjwa akiniomba nimwombee kwa sauti, nashika mkono wake namwombea, na mara nyingine ni Muislamu ndiye anayeomba dua, hamtaamini. Ila kwanza ameomba yeye.

Nirudi kwa Mama Kevin. Miaka ya thelathini akafungua makazi ya wagonjwa wa ukoma, Nyenga na Buluba. Mwenye ukoma si mnajua alivyokuwa anaishi, anawekewa chakula mbali kama mbwa. Mwaka 1952, akiwa mzee wa miaka 77, shirika lake la masista wa Afrika likasimama peke yake na yeye akawa mkuu wa kwanza. Mwaka 1955 akastaafu, lakini hakupumzika, alipelekwa Boston, Marekani, kuchangisha pesa. Huko ndiko alikofia, tarehe 17 Oktoba 1957.

Wakampeleka Ireland wakamzika. Na hapa ndipo Waganda walipokataa. Wakaomba mama yao arudishwe. Jeneza likasafirishwa mpaka Uganda, na tarehe 3 Desemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku aliyoondoka London, akazikwa Nkokonjeru. Sisi watu wa Afrika tunajua maana ya kumdai maiti. Humdai mgeni. Na katika Kiganda jina lake liligeuka neno la kawaida: watu walisema kevina wakimaanisha hospitali, au nyumba ya huruma.

Sasa la nyumbani. Juma lililopita nilikwenda peke yangu kumwona yule sista wa zamu, nikamwomba radhi kwa niaba yetu. Akanisikiliza. Amesema tunaweza kurudi Jumamosi saa za kutembelea, wawili wawili, bila spika, na tupite kwake kwanza atuonyeshe nani ameomba kuonwa. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa Mama Mchungaji baada ya ibada, na wakae naye nusu saa kabla.

Yule bibi wa Mji wa Kale ameruhusiwa, yuko nyumbani. Binti yake nilimpata kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuje tumsalimie, baada ya Alasiri bibi akishaswali. Aliyemwekea mikono amekubali kwenda nami. Tumenunua machungwa.